Programu Mpya na Menyu ya Eneokazi Kwenye Linux na Mifumo ya Unix: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kwa mtu asiyetumia terminali (dirisha la kuandikia amri), programu isiyoonekana kwenye menyu ni kama haijasakinishwa. Atarudi kwa aliyemwekea na kumwambia "haipo", naye atakuwa na haki ya kusema hivyo. Maswali yaliyo hapa chini ni yale yanayorudi kila mara kwa watu wanaotumia Linux, BSD na mifumo mingine ya ukoo wa Unix.

## Programu inafunguka nikiandika jina lake kwenye terminali. Mbona kwenye menyu haimo?

Kwa sababu menyu haiangalii programu zenyewe. Wengi hudhani kompyuta hupita kwenye /usr/bin, ikaona kuna kitu kipya, ikakiandika kwenye menyu. Haifanyi hivyo. Ndani ya /usr/bin kuna mamia ya amri, nyingi hazina dirisha lolote la kufungua, na jina la faili peke yake haliwezi kueleza ipi ni ya kuchorea na ipi ni ya kupanga mistari ya maandishi.

Menyu husoma faili ndogo za maandishi ambazo majina yake huishia na `.desktop`. Kila faili ni tangazo la programu moja: jina langu ni hili, ikoni yangu ni hii, nikibofywa endesha amri hii, niweke pamoja na programu za aina hii. Faili ikiwa mahali pake, menyu hujaa yenyewe. Isipokuwepo, programu inabaki ya terminali tu.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kukiuliza kifurushi, yaani fungu la faili ambalo programu ilisakinishwa nalo, kama kilikuja na faili hiyo:

```
dpkg -L jina | grep desktop
rpm -ql jina | grep desktop
pacman -Ql jina | grep desktop
pkg info -l jina | grep desktop
```

Ya kwanza ni ya Debian na jamaa zake, ya pili ni ya Fedora na openSUSE, ya tatu ya Arch, ya nne ya FreeBSD. Amri isiporudisha kitu, menyu haina kosa. Aliyetengeneza kifurushi hakuliweka tangazo, na itabidi uliandike mwenyewe.

## Faili hizo hukaa wapi?

Zilizoletwa na kidhibiti vifurushi (kama apt, dnf au pacman) hukaa `/usr/share/applications`. Zilizotokana na programu uliyoijenga mwenyewe kwa `make install` kwa kawaida huenda `/usr/local/share/applications`. Zako binafsi, ambazo watumiaji wengine wa kompyuta hawazioni, ni `~/.local/share/applications`.

Mpangilio huu hautokei kwa bahati. Kuna kigeu cha mazingira, yaani thamani yenye jina ambayo programu husoma zinapoanza, kinachoitwa `XDG_DATA_HOME` ambacho kisipowekwa huhesabiwa kuwa `~/.local/share`, na kingine kinachoitwa `XDG_DATA_DIRS` ambacho kisipowekwa huhesabiwa kuwa `/usr/local/share:/usr/share`. Menyu huchukua kila folda iliyotajwa humo, huongeza `applications` mwishoni, kisha husoma kilichomo. Faili mbili zikiwa na jina moja katika folda tofauti, ya kwanza kwenye mpangilio ndiyo hushinda, na folda yako binafsi daima ndiyo ya kwanza. Shika hilo, majibu kadhaa hapa chini yanalitegemea.

## Ilikuwaje kabla ya utaratibu huu?

Kila mtu alikuwa na yake. CDE, eneokazi lililotumika kwenye Solaris, HP-UX na AIX, ilikuwa na amri ya `dtappgather` iliyokusanya programu kila mtumiaji alipoingia. KDE ya kwanza ilitumia faili za `.kdelnk`. Vidhibiti madirisha vidogo, vinavyopanga madirisha bila kuwa eneokazi kamili, vilikuwa na faili ya menyu iliyoandikwa kwa mkono, kila kimoja kwa lugha yake.

Debian walilitatua jambo hili kwa namna ninayoiheshimu hadi leo. Kila kifurushi kiliweka faili fupi kwenye `/usr/lib/menu`, baadaye `/usr/share/menu`, kisha amri ya `update-menus` ikazipitisha faili hizo kwenye skripti zilizoko `/etc/menu-methods`. Kila skripti iliandika menyu kwa lugha ya kidhibiti madirisha chake. Ukisakinisha kivinjari, kilitokea Fluxbox, kikatokea IceWM, kikatokea FVWM, bila wewe kugusa chochote.

Mwaka 2000 Havoc Pennington alianzisha freedesktop.org, iliyojulikana pia kama X Desktop Group. Ndiyo maana vigeu na amri nyingi huanza na herufi XDG. Huko ndiko faili za `.desktop` zilikowekewa kanuni zinazofuatwa na GNOME, KDE, Xfce, LXQt, MATE na wengine. Kwa miaka mingi vifurushi vya Debian vilibeba matangazo ya aina mbili, la zamani na jipya, mpaka mwaka 2015 Kamati ya Ufundi ya Debian ilipoamua kwamba kifurushi chenye faili ya `.desktop` kisiwe tena na ile ya menyu ya zamani.

## Baada ya kusakinisha, kuna amri ya kuamsha menyu?

Kwa kawaida hakuna. Mazingira makubwa ya eneokazi hukaa yakizichungulia folda hizo, na faili mpya ikitua, menyu hubadilika ndani ya sekunde chache.

Hapa kuna kosa linaloenea kwenye maelezo mengi: watu huambiwa waendeshe `update-desktop-database` ili programu ionekane. Kazi ya amri hiyo ni nyingine. Inatengeneza faili ya `mimeinfo.cache`, ambayo hueleza programu ipi inaweza kufungua faili za aina ipi. Programu yako isipotokea kwenye "Fungua kwa kutumia" ukibofya picha, hapo iendeshe. Kwa menyu peke yake, hata usipoiendesha programu itaonekana.

Vidhibiti vifurushi huiendesha vyenyewe. Dpkg ina vichochezi vinavyofyatuka kifurushi chochote kikigusa `/usr/share/applications`, RPM ina vyake, na pacman ina ndoano (amri zinazoendeshwa zenyewe wakati wa kusakinisha) kwenye `/usr/share/libalpm/hooks`. KDE ndiyo yenye hifadhi yake ya kumbukumbu inayoweza kubaki na mambo ya zamani. Ikikwama, endesha `kbuildsycoca6 --noincremental`, au `kbuildsycoca5` kwa matoleo ya kabla ya Plasma 6.

## Ndani ya faili ya .desktop kuna nini hasa?

Tuandike moja. Tuseme umepakua programu ya kuchora iitwayo chora, ukaifungulia kwenye `/home/asha/programu/chora`. Fungua faili mpya `~/.local/share/applications/chora.desktop`, uandike:

```
[Desktop Entry]
Type=Application
Name=Chora
Name[sw]=Chora Michoro
Comment[sw]=Chora na kurekebisha michoro
Exec=/home/asha/programu/chora/bin/chora %F
Icon=/home/asha/programu/chora/chora.png
Terminal=false
Categories=Graphics;
MimeType=image/svg+xml;image/png;
```

Mstari wa kwanza lazima uwe huo, kwa herufi hizo, na mabano hayo. `Type` na `Name` hazikwepeki, na kwa programu ya kawaida unahitaji `Exec` pia. `Terminal=true` ni kwa programu isiyo na dirisha lake, kama `htop`; bila hiyo utabofya na hutaona kitu, ingawa programu imeanza na kufa kimyakimya. Orodha hutenganishwa kwa nukta-mkato, na mwishoni weka nukta-mkato pia. Herufi kubwa na ndogo si sawa: `exec=` haitambuliwi kuwa `Exec=`.

Mistari yenye `[sw]` huonekana kwa aliyeweka kompyuta yake katika Kiswahili. Wengine huona `Name` tupu. Ni mstari mmoja tu wa kazi, na huleta tofauti kubwa kwa mtu anayefungua kompyuta kwa mara ya kwanza. Ukiweza kuzituma tafsiri hizi kwa watengenezaji wa programu unayoipenda, watume.

Ukimaliza:

```
desktop-file-validate ~/.local/share/applications/chora.desktop
```

Amri hiyo imo kwenye kifurushi cha `desktop-file-utils`. Ikinyamaza, faili ni safi.

## Kwenye menyu inaonekana, lakini nikibofya haifunguki. Kwa nini?

Karibu kila mara tatizo liko kwenye mstari wa `Exec`, nami naomba usome jibu hili taratibu, kwa sababu ndilo linalopoteza saa nyingi za watu.

Mstari wa `Exec` haupiti kwenye shelli, ile programu inayofasiri amri ndani ya terminali. Unaonekana kama amri ya terminali, lakini `~` haigeuzwi kuwa folda yako ya nyumbani, `$HOME` haigeuzwi, `&&` na `>` hazina maana yoyote. Andika njia nzima kuanzia kwenye `/`. Ukihitaji shelli kweli, iite mwenyewe:

```
Exec=sh -c "cd /home/asha/programu/chora && ./anza.sh"
```

Ingawa kwa shida hii hasa, yaani programu inayotaka kuanzishwa ndani ya folda yake, kuna njia safi zaidi: ongeza `Path=/home/asha/programu/chora`, na mfumo utaingia kwenye folda hiyo kwanza. Kama kinachotakiwa ni kigeu cha mazingira, tumia `env`, mathalani `Exec=env LANG=sw_KE.UTF-8 chora`.

Sababu ya pili ni `PATH`. Terminali husoma `.bashrc` yako, na huenda humo ndimo ulimoongeza `~/.local/bin` au folda nyingine. Kipindi cha picha huanzishwa kwa njia tofauti na mara nyingi hakisomi faili hiyo. Ndiyo maana amri inayokubali kwenye terminali hukataa kwenye menyu. Njia nzima kwenye `Exec` inaliondoa tatizo lote.

Halafu kuna zile alama za asilimia. `%f` ni faili moja, `%F` ni faili nyingi, `%u` ni anwani moja na `%U` ni anwani nyingi. Hujazwa pale unapoburuta faili juu ya ikoni au kuchagua "Fungua kwa kutumia". Usiziweke ndani ya alama za kunukuu. Na ukihitaji alama ya asilimia yenyewe, iandike mara mbili, `%%`.

Ili kuona kosa badala ya kukisia, anzisha kutoka terminali kwa kutumia faili ileile: `gtk-launch chora`. Mara nyingi lalamiko litatokea hapohapo kwenye skrini.

## Programu imetokea, lakini imewekwa kwenye "Nyinginezo".

`Categories` haipo, au haina aina kuu hata moja. Aina kuu ni hizi: AudioVideo, Audio, Video, Development, Education, Game, Graphics, Network, Office, Science, Settings, System na Utility. Weka walau moja. Ukiweka Audio au Video, ongeza na AudioVideo, kanuni inataka hivyo. Majina haya hayatafsiriwi. Menyu yenyewe ndiyo huyageuza kuwa "Ofisi" au "Michezo".

Mpangilio wa makundi hutoka kwenye faili za XML zilizoko `/etc/xdg/menus`, na kila mazingira huchagua yake kwa kigeu cha `XDG_MENU_PREFIX`. Hii ndiyo sababu ya kisa kinachowashangaza wanaotumia programu za KDE nje ya Plasma: Dolphin inafunguka vizuri, lakini orodha ya "Fungua kwa kutumia" ni tupu. Programu hizo zinatafuta `applications.menu` na haipo. Ukiiweka moja hapo na kuendesha kbuildsycoca, orodha hurudi.

## Ikoni haionekani, kuna kiboksi tupu tu.

Ama andika njia nzima ya picha, ama andika jina bila kiambishi cha faili, kama `Icon=chora`, na uiweke picha kwenye `~/.local/share/icons/hicolor/48x48/apps/chora.png`. Ikiwa ni SVG, mahali pake ni `hicolor/scalable/apps`. `Icon=chora.png` bila njia ndiyo kosa la kawaida.

## Nimesakinisha kwa sudo, na sasa programu iko kwenye menyu ya mtu mwingine?

Iko kwenye menyu ya root, yaani akaunti ya msimamizi wa mfumo. Baadhi ya skripti za kusakinisha huandika faili ya `.desktop` kwenye folda ya nyumbani ya anayeziendesha; ukitanguliza `sudo`, mara nyingi folda hiyo huwa `/root`. Nilipoteza mchana mzima kwa jambo hili nikiwa na programu ya kulipia ambayo msakinishaji wake aliniambia kila kitu kimekwenda sawa. Kila kitu kilikuwa sawa, ndani ya `/root/.local/share/applications`. Hamisha faili kwenda `/usr/local/share/applications` ili kila mtumiaji aione, na uhakikishe ruhusa zake ni 644, kwa sababu faili isiyosomeka na watumiaji wa kawaida haitatokea kwao.

## Programu za Flatpak, Snap, AppImage na Nix je?

Flatpak huweka matangazo yake kwenye `/var/lib/flatpak/exports/share/applications`, au `~/.local/share/flatpak/exports/share/applications` ukisakinisha kwa akaunti yako tu. Snap hutumia `/var/lib/snapd/desktop/applications`. Folda hizi, bila `applications` ya mwishoni, lazima ziwe kwenye `XDG_DATA_DIRS`, na kinachoziongeza ni skripti inayosomwa unapoingia kwenye akaunti. Basi ukisakinisha Flatpak yenyewe leo, programu yako ya kwanza haitaonekana mpaka utoke na kuingia upya. Ukitumia fish au zsh kama shelli ya kuingilia, huenda skripti hiyo haisomwi kabisa. Iongeze folda mwenyewe. Vivyo hivyo kwa Nix iliyowekwa juu ya mfumo mwingine: ongeza `~/.nix-profile/share`.

AppImage ni habari nyingine, maana haisakinishwi. Ni faili moja unayoipa ruhusa ya kuendeshwa. Lakini ndani yake tangazo limo tayari:

```
./Chora.AppImage --appimage-extract
```

Utapata folda ya `squashfs-root` yenye `.desktop` na ikoni. Nakili vyote viwili mahali pake, kisha ubadilishe `Exec` ielekee kwenye AppImage ilipo. AppImageLauncher hukufanyia kazi hii yenyewe, ila mara moja moja nashauri uifanye kwa mkono. Ukishafanya mara mbili hutasumbuliwa tena na menyu yoyote.

## Natumia Openbox, Fluxbox au IceWM. Menyu yangu haibadiliki kamwe.

Vidhibiti madirisha hivi vina menyu yao, nyingi hazisomi `.desktop` moja kwa moja. Openbox husoma `~/.config/openbox/menu.xml`, Fluxbox husoma `~/.fluxbox/menu`, IceWM husoma `~/.icewm/menu`. Unahitaji mfasiri katikati, na wapo wa aina mbili.

Aina ya kwanza haiangalii matangazo. MenuMaker, amri yake `mmaker`, na `fluxbox-generate_menu` zina orodha yao ya programu zinazofahamika. Hutafuta kama programu hizo zipo kwenye kompyuta yako, kisha huandika menyu. Zinafaa kwenye mfumo mkongwe wenye programu zisizo na `.desktop`. Udhaifu wake uko wazi: programu iliyotoka juzi haimo kwenye orodha, na haitaonekana.

Aina ya pili husoma `.desktop` zote na kuzigeuza. IceWM inakuja na `icewm-menu-fdo`. Weka mstari huu kwenye menyu yake:

```
menuprog "Programu" folder icewm-menu-fdo
```

Hapo menyu hutengenezwa na programu yenyewe, huhitaji kuandika upya chochote. Openbox ina ujanja kama huo kupitia sifa ya `execute` ndani ya menu.xml, na `obmenu-generator -p` hukuandalia. FVWM ina `fvwm-menu-desktop`. Kwa Fluxbox, JWM, PekWM na Window Maker natumia `xdgmenumaker`.

Shida ya Fluxbox ni kwamba menyu ni faili iliyokwisha kuandikwa, kwa hiyo lazima iandikwe upya kila unaposakinisha. Kwenye mfumo wenye systemd (programu inayoanzisha na kusimamia huduma za Linux), njia ninayoipenda ni kuweka mlinzi wa folda. Andika `~/.config/systemd/user/menyu.path`:

```
[Path]
PathChanged=/usr/share/applications

[Install]
WantedBy=default.target
```

na kando yake `menyu.service`:

```
[Service]
Type=oneshot
ExecStart=/bin/sh -c 'xdgmenumaker -f fluxbox > %h/.fluxbox/menyu-programu'
```

Kisha `systemctl --user daemon-reload` na `systemctl --user enable --now menyu.path`. Kwenye `~/.fluxbox/menu` ongeza `[include] (~/.fluxbox/menyu-programu)`. Kuanzia hapo, kidhibiti vifurushi kikiongeza au kuondoa tangazo, menyu inaandikwa upya. Nimeiacha kazi hii kwa mtumiaji badala ya ndoano ya apt au pacman kwa makusudi: ndoano huendeshwa na root, na root hajui ni menyu ya nani anayopaswa kuigusa.

Ukichoka na menyu kabisa, `rofi -show drun` na `fuzzel` husoma `.desktop` zilezile na kukupa sehemu ya kuandikia jina. Tahadhari moja kwa wote wasio na mazingira kamili: programu nyingine zina mstari wa `OnlyShowIn=GNOME;` au mfano wake, unaolinganishwa na kigeu cha `XDG_CURRENT_DESKTOP`. Kigeu hicho kikiwa tupu, programu hizo zinaweza kufichwa.

## Kwenye BSD kuna tofauti?

Kanuni ni ileile, folda ndizo tofauti. FreeBSD na OpenBSD huweka kwenye `/usr/local/share/applications`, ambayo tayari imo kwenye utafutaji. NetBSD yenye pkgsrc hutumia `/usr/pkg/share/applications`, basi hakikisha `/usr/pkg/share` ipo kwenye `XDG_DATA_DIRS`. Anayetengeneza bandari (port, maelekezo ya kujenga kifurushi) ya FreeBSD kwa programu isiyokuja na tangazo anaweza kulitaja ndani ya Makefile kwa kigeu cha `DESKTOP_ENTRIES`, na faili itaandikwa yenyewe.

## Nataka kuficha programu fulani bila kuisanidua.

Usiguse faili iliyo `/usr/share/applications`. Sasisho lijalo litaiandika upya. Inakili kwenye `~/.local/share/applications` kwa jina lilelile, kisha ongeza `NoDisplay=true`. Nakala yako hushinda ya mfumo. Kwa `NoDisplay` programu hutoka kwenye menyu lakini bado inaweza kufungua faili zake. `Hidden=true` ni kali zaidi: ni kama faili imefutwa kwako, na hata "Fungua kwa kutumia" haitaitaja.

Ubaya wa nakala ni huu: programu ikibadilika, mathalani amri yake ikipewa jina jipya, nakala yako inabaki na ya zamani. Programu ikikataa kufunguka baada ya sasisho kubwa, chungulia kwanza kama una nakala iliyosahaulika.

## Nimesanidua, jina bado lipo.

Kidhibiti vifurushi huondoa alichoweka, hagusi folda yako ya nyumbani. Futa faili kwa mkono kutoka `~/.local/share/applications`. Programu za Wine zimo ndani ya folda ndogo ya `wine` hapohapo.

## Nikifungua programu, paneli inaonyesha ikoni mbili.

Paneli imeshindwa kulihusisha dirisha na tangazo lake. Kwenye X11, mfumo wa zamani wa kuchora madirisha, endesha `xprop WM_CLASS`, bofya dirisha, kisha chukua neno la pili na uliandike kwenye `StartupWMClass=`. Kwenye Wayland, mfumo mpya, kinachoangaliwa ni kitambulisho cha programu, na dawa nzuri ni kuipa faili ya `.desktop` jina linalofanana nacho.

## Mimi ndiye ninayeandika programu. Nifanye nini ili watumiaji wasihangaike?

Weka `.desktop` na ikoni ndani ya chanzo chako tangu toleo la kwanza, na mfumo wako wa ujenzi uzisakinishe pamoja na programu. Usiiachie kazi hiyo Debian au Fedora. Kila mmoja ataandika yake na zitatofautiana. Ipe faili jina la mpangilio wa kikoa kilichogeuzwa, kama `org.mfano.Chora.desktop`, lisigongane na la mwingine. Kama unasambaza skripti yako ya kusakinisha, tumia `xdg-desktop-menu install`, ambayo huchagua folda kulingana na anayeiendesha. Inataka jina la faili lianze na kitambulisho cha mtengenezaji na kistari; ukiwa na sababu ya kutofanya hivyo, ongeza `--novendor`. Na usisahau `xdg-desktop-menu uninstall` kwenye skripti ya kuondoa.

## Nimefuata yote na bado haionekani. Nianzie wapi?

Endesha `desktop-file-validate`. Kisha tazama kama kuna mstari wa `TryExec`: programu iliyotajwa hapo isipopatikana, tangazo zima hupuuzwa bila lalamiko, na hicho ndicho chanzo cha programu nyingi "zilizopotea". Halafu angalia `NoDisplay`, `Hidden`, `OnlyShowIn` na `NotShowIn`. Chapisha `echo $XDG_DATA_DIRS` ndani ya terminali iliyofunguliwa kutoka kwenye eneokazi lenyewe, si kupitia ssh, maana kigeu hicho kinaweza kuwa tofauti. Tafuta kama kuna faili mbili zenye jina moja.

Mwisho kabisa, kagua alama zisizoonekana. Faili iliyoandikwa kwenye Windows hubeba herufi moja ya ziada mwishoni mwa kila mstari, na kwa jicho huioni. `Exec=chora` inakuwa amri yenye jina ambalo halipo popote kwenye kompyuta. Endesha `cat -A chora.desktop`, ukiona `^M$` badala ya `$` peke yake, isafishe kwa `sed -i 's/\r$//' chora.desktop`, kisha ubofye tena.